Aliyevishwa Pete Kisiwani

Mama yake Darubini alikaa kwenye kiti changu cha saluni, nikamfunga taulo shingoni, nikaanza kumpaka dawa ya nywele. Kabla hata sijafika kisogoni akaniambia, bila kupepesa macho, kwamba mwanawe amemvisha mtu pete.

"Huko huko kisiwani?" nikauliza. Sauti ilinitoka nyembamba mpaka nikajionea huruma.

"Huko huko. Kanitumia ujumbe wa sauti mwenyewe. 'Mama, leo nimemvisha pete! Mpole, ana macho mazuri, wala hakunisumbua.' Mtandao ukakatika hapo hapo."

"Hongera, mama."

"Hongera ya nini? Mimi ndiye nimevishwa?" Akanitazama kwenye kioo, akanikazia macho mikononi. "Mbona huvui hizo glavu? Si mikono inatokota humo?"

"Ni kwa ajili ya dawa, mama. Inaunguza."

"Vua hata moja, upumzishe mkono."

Sikuvua. Nikajikaza, nikaendelea kupaka, na moyo wangu unachemka kama sufuria iliyosahauliwa jikoni. Niliona wazi mwanamke huyu amekuja kunikata maini. Alijua mimi na mwanawe tuna jambo letu, mwaka wa pili huu. Siku niliyopelekwa kutambulishwa kwake aliniuliza maswali mawili tu, yaani nani alinifundisha kazi na kwa nini niliachika, kisha akamgeukia mwanawe akasema, "Huyu ana ulimi." Basi. Tangu siku hiyo nilijua sitakiwi.

Kuachika niliachika kweli, sina haja ya kuficha. Mume wangu wa kwanza alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu. Aliniaga asubuhi moja akaniambia anarudi, nami nikasubiri. Nilisubiri kwa adabu zote, chakula kimefunikwa mezani, simu haichezi mbali na mkono, mpaka nikaja kusikia ana nyumba nyingine na mtoto anayetembea. Nikaapa. Nikasema sitamsubiri mwanaume tena, hata awe amekwenda dukani.

Halafu akaja Darubini. Aliingia saluni na kapu, ndani ya kapu kuna ndege wa baharini aliyelowa mafuta machafu. Akasema amekwisha kumwosha, sasa anaomba draya. Wateja wakapiga kelele, dada yangu akashika ufagio. Mimi nikaweka moto mdogo nikamkausha yule ndege, na mwenye ndege amesimama pembeni na darubini yake shingoni ananitazama kama hajawahi kuona mwanamke. Yeye ni mtafiti wa ndege. Kazi yake iko kwenye kisiwa kisichokaliwa na mtu, mbali huko katikati ya maji, na akienda anakaa miezi. Niliyajua yote hayo, nikapenda hivyo hivyo. Ujinga mwingine hauna dawa.

Mama yake alipoondoka nikamwambia dada, tunayeendesha naye saluni.

"Si nilikwambia?" Dada akashika kiuno. "Mwanaume wa kisiwani yule! Ni sawa na kutokuwa na mwanaume. Na huyo aliyevishwa ni nani, kama kisiwa hakina watu?"

"Yuko mwenzake. Msichana mmoja wa miwani, wanafanya kazi pamoja."

"Ehee! Umeona? Haya, mfute kwenye simu, tufungue mlango tufanye kazi."

"Nitamfuta. Lakini nitamwambia uso kwa uso."

"Kisiwani?"

"Kisiwani."

Dada alinitazama, akashusha pumzi, akasema kama nakwenda kuachana na mtu basi nisiende nikiwa ovyo. Akanikalisha kwenye kiti akaniseti nywele, mawimbi yanamwagika mpaka mabegani. Nikapendeza kwelikweli. Nilitaka anione hivyo, alie.

Kisiwani kunakwenda boti moja tu, ile ya kupeleka maji ya kunywa kila wiki. Nahodha wake ni mwanamke mtu mzima, mpana, anayeongea huku anacheka. Tuliondoka alfajiri. Ardhi ilipopotea nyuma yetu akaniuliza, "Unawafuata wale wavisha pete?"

Nikahisi kama nimechomwa sindano. "Na wewe unajua?"

"Nisijue vipi? Siku hizi ndiyo kazi yao. Asubuhi pete, jioni pete. Wiki iliyopita nimewapelekea nyingine kopo zima."

"Kopo zima?"

"Si zinaisha!"

Nikajua ananikejeli, nikageukia baharini. Kilemba nilikuwa nimekifunga sawasawa ili upepo usiharibu kazi ya dada. Jua likapanda. Ndege wakaanza kuonekana, kwanza mmoja mmoja, baadaye makundi, halafu nikaona kisiwa chenyewe, kidogo, cha mawe na nyasi fupi, na juu yake weupe unaotembea. Harufu ikanifikia kabla hatujasimama. Jamani, wapenzi wa mambo ya mahaba hawawaambii watu kuhusu harufu. Banda la kuku ni manukato ukilinganisha.

"Maji yakianza kupwa tunaondoka," Nahodha akaniambia. "Nikikawia nitakwama kwenye miamba. Nikipiga honi, acha unachofanya."

"Sikawii. Maneno yangu ni machache."

Nilishuka nimeshika viatu mkononi. Nikafungua kilemba, nikatikisa nywele. Aliyekuja kunipokea ni yule msichana wa miwani. Kitu cha kwanza nilichotazama ni vidole vyake. Vilikuwa vitupu, viwili vimefungwa plasta.

"Karibu, dada!" akasema kwa furaha, akanipa fimbo. "Ishike juu ya kichwa, hivi. Wana mayai na makinda, hawataki mgeni. Wanapiga kile kilicho juu zaidi, kwa hiyo waache wapige fimbo, si kichwa chako."

"Sikuja kucheza na fimbo. Pete yako iko wapi?"

"Pete?" Akashangaa. "Zangu zimebaki chache, ziko hemani kwenye kopo. Unataka kuziona?"

"Zako? Kwani una ngapi?"

"Sijahesabu. Jana tumevisha mpaka vidole vimechubuka, si unaona? Wanadonoa hao."

Nilisimama pale mchangani, fimbo nimeishusha, nikaanza kuelewa kwa mbali, kama mtu anayeamshwa.

"Mnawavisha akina nani?"

"Ndege, dada. Nani mwingine yuko hapa? Zamani tulikuwa tunawapaka rangi, inatoka. Msimu huu ndiyo tumeanza pete za miguuni. Zina namba, ndege akionekana nchi nyingine anajulikana katokea wapi."

Sikupata nafasi ya kujibu. Kitu cha uvuguvugu kilinidondokea utosini, pwaa, kikateremka taratibu mpaka kwenye nyusi. Nikagusa. Yule Miwani akaziba mdomo kwa mikono miwili.

"Fimbo, dada," akasema kwa sauti ndogo. "Nilikwambia fimbo."

Hapo ndipo Darubini alipotokea nyuma ya jiwe, kaptura imechakaa, ndevu kama mtu aliyetoroka jela. Akasimama. Akaivua darubini shingoni kana kwamba ndiyo inayomdanganya, akanitazama tena kwa macho matupu.

"Kichana?" Ndivyo anavyoniita. "Kichana, ni wewe?"

Nilikuwa nimepanga maneno tangu nyumbani. Nilikuwa nimepanga hata pa kuvuta pumzi. Badala yake nikajikuta nasema, "Nina mavi kichwani," nikaanza kulia.

Miwani, Mungu ambariki, alikumbuka ghafla kwamba ana kazi upande wa pili wa kisiwa.

Darubini hakuniuliza chochote. Alinishika mkono akanipitisha kwenye njia nyembamba waliyoitandikia mawe, maana nje ya hapo ni mayai na makinda, huwezi kuweka mguu. Makinda yenyewe ni manyoya matupu, yamekaa kama pamba iliyomwagika. Kule hemani akageuza kreti akaniketisha, akachukua dumu.

"Hayo si maji ya kunywa?" nikauliza.

"Ndiyo."

"Ya wiki nzima?"

"Nitakunywa kidogo kidogo. Inama."

Nikainama. Akamimina. Maji ya kisiwa hayana baridi, yalishinda juani, yakanipita kwenye shingo kama mkono wa mtu. Akaweka sabuni, akaanza kuniosha. Nimeosha vichwa vya watu tangu nikiwa msichana mdogo. Vya mabibi harusi, vya wafiwa, vya watu wanaosinzia na wanaosema wenzao. Hakuna mtu aliyewahi kuniosha mimi zaidi ya dada, na dada anasugua kama anaosha sufuria. Huyu alishika kichwa changu kwa vidole vyote kumi, polepole, kama anaogopa kitapasuka. Nikafumba macho.

"Mbona unashika hivyo?" nikamuuliza.

"Ndivyo tunavyoshika ndege."

"Mimi si ndege."

"Najua. Ndege hawajawahi kunitetemesha mikono."

Nilikuwa nimekuja na hasira zangu, sikutaka zinitoke kirahisi hivyo.

"Umefuata nini, Kichana?"

"Nimekuja kukuacha."

Vidole vikasimama. "Na bado unaniacha?"

"Sijui. Sababu imekufa, hasira imebaki. Ulimwambia mama yako umemvisha pete."

"Nilimwambia nini?" Akafikiri. Halafu nikamsikia anaishiwa nguvu, akakaa chini kwenye mchanga, povu mikononi. "Mungu wangu. Yule wa kwanza. Nilifurahi nikapanda kwenye jiwe, nikamtumia mama ujumbe. Hapa tunasemaga hivyo hivyo siku nzima. Nimemvisha, hujamvisha, yule amevishwa. Nilisahau kwamba watu wa kawaida..."

"Mpole, macho mazuri, hakukusumbua."

"Alikuwa mpole kweli," akasema kwa unyonge, nami, Mungu anisamehe, nikacheka. Nilicheka huku sabuni inaniingia jichoni, yeye naye akacheka, ndege wa jirani wakatupigia kelele tunyamaze.

Lakini kicheko kilipoisha, uchungu ukarudi.

"Kumbe hata ndege wamenitangulia," nikasema. "Mwaka wa pili, Darubini. Hujawahi kuniuliza. Nimetoka nyumbani nikiamini umemvisha mwingine, na uchungu niliousikia haukuwa wa wivu peke yake. Nilikuwa najiuliza, ana nini huyo anayeulizwa, ambacho mimi sina?"

Alimimina maji, akasuuza povu, akaangalia lisinidondoke machoni. Akachukua shati lake safi akanifungia kichwa. Kisha akaja kukaa mbele yangu, tukawa tunatazamana.

"Wameniongezea misimu miwili hapa," akasema. "Nimejua mwezi uliopita. Nilitaka nikuambie uso kwa uso."

"Ulitaka, au uliogopa?"

"Vyote. Siku ile ya draya uliniambia hutamsubiri mwanaume tena. Hatukuwa hata tumejuana majina. Mimi kazi yangu ndiyo hii, Kichana. Nikikuvisha pete nikarudi huku, nitakuwa nimekukalisha kwenye kile kile kiti ulichokimbia. Nikaona heri ninyamaze. Nikaona kama siku moja utachoka, uondoke bila kufungwa na kitu."

"Kwa hiyo ulikuwa unanionea huruma."

"Nilikuwa nakupenda. Nimekupenda vibaya, labda, lakini ni hivyo."

Nilitazama bahari, maana kumtazama yeye kulikuwa kunanimaliza. Misimu miwili. Nikajiona kwenye ile meza na kile chakula kilichofunikwa. Niliogopa, nisidanganye. Kama kuna kitu duniani nisichotaka kurudia ni kile kusikiliza gari linalopita nje ukidhani ni lenyewe.

"Yule wa kwanza," nikasema taratibu, "kilichoniua si umbali. Kilichoniua ni kutojua yuko wapi. Wewe hata nikitaka kukupoteza siwezi. Kisiwa hiki mtu anakizunguka na chai yake haijapoa."

Akatabasamu, lakini kwa woga, kama anayeogopa kutabasamu mapema.

"Na kusubiri sitasubiri," nikaendelea. "Hilo lipo pale pale. Boti ya maji si inakuja kila wiki? Basi mimi nitakuja. Mwisho wa kila mwezi dada anashika saluni, mimi napanda boti. Nitakuja na fimbo yangu mwenyewe na kofia ya plastiki. Na siku boti haitoki, unapanda kwenye hilo jiwe lako la mtandao unaniambia mimi, si ndege, umeamkaje na umekula nini. Ukiweza hayo, misimu miwili ni midogo. Ukishindwa, niambie sasa, maji bado hayajaanza kupwa."

"Nitaweza."

"Usiseme haraka."

"Kichana, nimelifikiria hili usiku na mchana tangu mwezi uliopita. Kwako wewe ndiyo linasikika haraka."

Miwani alikuwa amerudi, amesimama kwa mbali anajifanya anapanga mifuko. Akashindwa kuvumilia. "Si umvishe moja ya hizi?" akapaza sauti, akatikisa kopo. "Kubwa zipo, zinaingia kidoleni!"

"Thubutu!" nikamwambia. "Nivae namba? Nikizimia mjini wanirudishe huku?"

Honi ikalia kule ufukweni. Nahodha.

"Mama," Darubini akasema, akakurupuka. "Lazima nimwambie mama, kabla hajaueneza huo uchumba."

Tukapanda jiwe mbio mbio, yeye mbele ananivuta, shati lake kichwani kwangu linaning'inia. Juu kabisa simu ikashika. Akaweka spika. Mama yake akapokea mara moja, na yeye akamweleza.

"Ndege," mama akasema.

"Ndege, mama."

"Ndege wa kuruka?"

"Ndiyo, mama. Mguuni."

Mama akaja juu. "Na mimi nimekwisha mwambia shangazi yako, na mjomba wako, na nyumba zote za mtaa huu! Nimenunua kitambaa! Sasa... hizo kelele ni za nini? Uko na nani hapo?"

Akanipa simu. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ala, kumbe uko huko! Sasa wewe binti nina ugomvi na wewe. Wiki ile saluni yenu ilifungwa siku mbili, nikapata ujumbe wa mwanangu, nikasema basi, amemfuata kisiwani, mambo yamekuwa. Nikaja kukaa kwenye kiti chako uniambie kwa kinywa chako. Ninachokonoa na kuchokonoa, wewe umekaza uso! Nakwambia vua glavu nione kidole, hutaki!"

Nilikaa chini kwenye lile jiwe. "Tulifunga kwa sababu bomba lilipasuka, mama. Kwani... ulidhani ni mimi?"

"Ningedhani nani? Ana mwingine?" Akasita kidogo. "Niliposikia 'mpole' nilishangaa, siwezi kukataa."

"Mimi nilijua hunitaki, mama. Ulisema nina ulimi."

"Si unao? Na mwanangu hana. Mlitaka muwe mabubu wawili ndani ya nyumba moja?"

Darubini aligeuka upande wa bahari, mabega yanamtikisika. Sikujua anacheka au analia. Honi ikalia tena, ndefu.

"Haya, nisikilize," mama akasema, na sauti yake ikapoa, ikawa ya mtu mzima aliyechoka. "Sasa watu nitawaambia nini? Niwaambie nilisikia vibaya?"

Nilimtazama Darubini. Aligeuka akanitazama. Uso wake wote ulikuwa wazi, wenye ndevu zake mbaya na macho yake mekundu, na hakuna kitu alichonificha.

"Waambie ulisikia sawasawa, mama," nikasema.

Mtandao ukakatika. Sijui kama alisikia mpaka mwisho.

"Umemaanisha?" Darubini akaniuliza. "Au umemtuliza mama tu?"

"Mimi nimeshasema. Mama yako ameshasema. Nahodha anasema huko chini kwa honi. Amebaki mtu mmoja tu kisiwa hiki ambaye hajasema."

Akanishika mikono yote miwili, akapiga magoti juu ya lile jiwe lililojaa uchafu wa ndege, akasema. Alisema kwa sauti, bila kumung'unya, maneno mengi kuliko niliyowahi kumsikia akiyasema kwa mpigo. Maneno yenyewe ni yangu. Siwapi.